Kapande ka Kondo

Mukinisikia namugombeza Aline hapa na pale, muniache. Ni mutoto ya kaka yangu, mi njo shangazi yake, na shangazi asiyegombeza ni mugeni tu. Jina yangu Marthe. Nakaa Fizi-Centre, kule juu kwenye bureau za serikali na baridi ya asubuhi, na Aline alizaliwa nyumba ya pembeni na yangu. Mama yake alikufa mapema, kaka yangu alikuwa mwalimu, leo banamutuma hapa, kesho kule, basi ule mutoto nikamulea mi. Kama iko na kichwa nguvu, aliirithi kwangu. Sikatae.

Tangu mudogo alikuwa mutu wa kucheka. Alicheka shuleni, mwalimu akamufukuza inje, akacheka inje. Kwenye chorale balimuweka mustari ya nyuma kabisa, juu mwenzake akikosa sauti kidogo tu, Aline anapasuka na wimbo yote inaharibika. Nilimuchapa juu ya ile kucheka. Haikusaidia kitu. Na Wilfried naye alimupendea pale pale! Wilfried ni kijana wa Baraka, fundi wa moteri za mitumbwi, mikono mafuta siku zote, maneno kidogo sana. Alipanda Fizi kwa ndoa ya rafiki yake, akasikia mutu anacheka katikati ya mahubiri, akageuka, akauliza, "Ule ni nani?" Bakamuonyesha. Mahubiri ile hakuisikia tena.

Basi Aline akashuka Baraka kuolewa. Sisi batu ya mulima tulisema joto ya kule itamumaliza, lakini wapi! Akajifunza kuanika ndagala, ile dagaa ya ziwa, kwenye muchanga, akajifunza kufukuza kuku na kunguru, akajifunza kubishana na bamama ya soko mpaka banamuachia samaki kwa kuchoka. Nikishuka kumuona, nilikuwa namusikia mbele ya kumuona.

Miaka ikapita, tumbo hakuna. Munajua batu. Huyu anauliza kwa upole, ule anauliza kwa sumu, mwingine haulize, anatazama tu. Aline alikuwa anabajibu, "Mungu iko anatafuta mutoto mwenye kucheka, muache achague." Bakaona haya, bakanyamaza. Lakini mi nilijua ginsi alikuwa analia kwangu, na kitambaa mudomoni ili Wilfried asisikie.

Kisha siku moja simu ikalia nikiwa shambani. "Shangazi, niko na kitu." Nikasema, "Kitu gani? Sema vizuri." Akaanza kucheka, akacheka mpaka salio ikakwisha, nami nikabakia pale katikati ya mihogo nikipiga vigelegele peke yangu sawa mwenda wazimu. Haki ya Mungu, sijapata furaha sawa ile tena.

Ule musimu njo ugonjwa ya mapele ikashuka njia ya ziwa. Mpox, dokta banaiita vile. Sisi tulisema mapele tu. Ilianza na batoto ya jirani, kisha mama yao, kisha Aline akaona kapele kamoja kwa mukono, kengine kwa shingo, na homa. Tumbo yake ilikuwa imeshakuwa kubwa, mutoto anapiga teke mpaka nguo inatikisika. Bakamupeleka kwenye hema za santé, njo hospitali yetu, kule mugonjwa anakaa peke yake na bauguzi banaingia na nguo nyeupe, macho tu inaonekana.

Nilishuka na pikipiki siku ile ile. Bakanisimamisha kwenye uzio. Mi, mwenye kupokea batoto ya nusu ya Fizi kwa hii mikono! Nikapigia kelele pale pale, "Aline! Kula! Hata kama haina ladha, kula!" Nikaona mukono unanyanyuka ndani ya hema. Nikashukuru Mungu juu ya ule mukono.

Mutoto alifia tumboni. Alitoka asubuhi ya mvua, mwanaume, mwenye mapele hata yeye. Aline alimuzaa kati ya batu asiojua sura yao, na mi niko inje ya uzio, nalowana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, batu banasemaka, lakini mi sikuzaa, na nilikuwa naujua.

Sasa musikilize vizuri, juu hapa njo maneno yote iko.

Kwetu, katika nyumba yetu, mutoto hazaliwe peke yake. Iko na mwenzake, njo kondo, ile nyama inayomufuata nyuma, iliyomulisha tumboni. Mwenye kuzalisha anaitandika juu ya jani ya mugomba, anaitazama kama imetoka yote. Mutoto akiwa muzima, kondo inazikwa nyuma ya nyumba. Mutoto akikufa, kondo inalala naye udongo moja. Yote. Kisha shangazi anachukua kitambaa, anafunga mama maziwa, anakaza, mpaka ikauke. Kutoka pale mama analia kilio yake, anamaliza, anaanza tena kuishi. Lakini shangazi hafungi kama kitu chochote ya mutoto ingali juu ya udongo. Bibi yangu hakufunga, mama yangu hakufunga, na mi vile vile. Ukifunga mbele, umemunyima maziwa mutoto ambaye hajaenda.

Balinipatia mutoto ndani ya mufuko ya plastiki, na kondo ndani ya mufuko mwingine. "Hapana fungua, Mama." Nikabishana. "Hapana fungua, ugonjwa iko ndani." Nikazika bila kutazama, nyuma ya nyumba ya Wilfried, na batu ya santé banamwaga dawa juu ya udongo mpaka macho ikatuwasha.

Aline alipotoka kule, alikuwa amekonda, ngozi yote madoa. Nikakuja na kitambaa yangu. Akashika mukono wangu.

"Hapana, Shangazi. Haiko yote."

"Nini haiko yote?"

"Kondo. Kuko dokta mumoja, Isidore, anatafuta ginsi ile ugonjwa inafikia mutoto tumboni. Aliomba kapande kadogo, bakapeleke kwenye labo yao, kule banapimia magonjwa, mbali. Nilimuambia ndiyo."

Yesu wangu! Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. "Na we ulimuambia ndiyo juu ya nini?"

"Aliniuliza vizuri," akasema. "Tangu niingie pale, hakuna mutu alikuwa ameniuliza kitu."

Nikakunja kitambaa yangu nikairudisha ndani ya mufuko.

Basi Aline akabakia katikati. Kila asubuhi alikuwa anaenda nyuma ya jiko, anakamua maziwa juu ya majivu, kifua imejaa sawa ya mama mwenye mutoto mugongoni, na mugongoni hakuna kitu. Akirudi, ananiuliza, "Dokta ameshatuma habari?" Namujibu bado. Anaenda kuanika ndagala. Kunguru zilikuwa zinakula mbele yake naye hazifukuze. Wilfried naye alichukua moteri moja nzima, anaifungua yote, anaifunga, anaifungua tena. Bamama ya jirani bakanishauri, "Mufunge tu, Mama Marthe, ni kapande kadogo." Nikabajibu kama mutoto ni wao, bafunge wao. Lakini ndani mwangu nilikuwa nateseka. Mutu hawezi kuishi vile. Nilimuhitaji ule dokta arudishe kapande yetu, nikazike, nifunge, mutoto wangu apumzike.

Kweli Isidore akakuja. Alikuwa ameahidi kuleta habari kwa bamama waliomukubalia, na alileta. Tukaenda santé, Aline, mi, na Chérie, mudogo wa Wilfried, mwenye tumbo yake mwenyewe sasa, na mapele ingali inatembea Baraka. Nilikuwa nimefikiria dokta munene mwenye kiburi. Nikamukuta kijana mwembamba wa Bukavu, anasimama kusalimia kila mama kwa mikono miwili. Ikaniudhi zaidi. Mutu mubaya ungemugombeza vizuri.

"Kijana," nikamuambia hata mbele ya kukaa, "kapande ya kondo yetu iko wapi? Tumekuja kuichukua."

"Shikamoo, Mama. Iko," akasema. Kisha uso wake ukaangaza, masikini, alikuwa anafikiri ananiletea furaha. "Iko, na iko hai."

Aline akakaa chini.

Isidore akafungua kasimu yake kakubwa, akatuonyesha picha. Alitufasiria polepole, na nilielewa, juu alikuwa mwalimu muzuri. Ile kapande balikagawanya mpaka chembe ambazo haionekane na macho, bakaziweka ndani ya kitu laini sawa uji ulioganda, mahali pa joto. Chembe zikazaana. Zikajikusanya zenyewe, zikakuwa tuduara tudogo, mbegu ya mboga ya lengalenga iko kubwa kuliko hizo. Kila kaduara ni sawa kondo ndogo, iko na ngozi yake, inafanya kazi ya kondo. Iko na jina ya kifaransa, mi naziita bikondo. Balijaribu kwa bamama wengi, akasema, za wengi zilikufa njiani. Za Aline zilikataa kufa.

"Na munazifanya nini?" Aline akauliza.

"Tunaziwekea virusi ya mpox, Mama. Hatuwezi kujaribu kwa mwanamuke mwenye mimba, ni makosa. Panya, kondo yake haiko sawa na ya mutu. Lakini hizi ni za mutu. Tunatazama virusi inapitia wapi ili ifikie mutoto, na dawa gani inaizuia. Mbele yake tulikuwa tunakisia tu. Sasa tunaona."

"Munaziwekea ugonjwa."

"Ndiyo."

"Njo kusema ingali inagonjwa. Kila siku munamugonjesha tena."

Isidore akafunga ile kasimu. "Siyo yeye, Mama Aline. Haina kichwa, haina moyo, haisikie maumivu. Ni kondo tu, ile iliyokuwa inamuchunga."

"Najua siyo yeye," Aline akasema. "Siko mujinga. Najua."

Chérie alikuwa ameshika tumbo yake kwa mikono yote miwili, hatazame mutu. Nikafikiri Aline ameshamaliza, tunaenda. Akauliza tena, kwa sauti ndogo:

"Inakula nini?"

"Iko na maji yake, ya rangi ya roze. Sukari kidogo, chumvi, bitu bingine. Iko dada mumoja wa labo, anaitwa Merveille, anazilisha. Siku moja analisha, siku moja anaacha."

"Maji," Aline akasema.

"Ndiyo, Mama. Maji."

Ningejua pale! Lakini nilikuwa nashughulika na hasira yangu, namuuliza Isidore lini atairudisha, naye anasema atanieleza kesho, bamama wengine bangali banangoja. Tukarudi nyumbani.

Asubuhi yake sikumukuta nyuma ya jiko. Nilimukuta ndani, amechemusha maji, ameosha chupa, ameosha matiti yake na sabuni mpaka ngozi nyekundu, anakamua. Polepole, kwa uangalifu, tone halianguke chini. Chupa ikajaa mpaka shingo. Akaifunga na nailoni, akaiweka katikati ya barafu ndani ya sanduku la samaki ya Wilfried. Wilfried alikuwa mulangoni anatazama. Akachukua sanduku, akalifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki yake, akajaribu kamba mara na mara kama haitaregea. Munaona Marthe amenyamaza? Njo mujue.

Isidore alikuwa anapanga mizigo. Aline akamutolea chupa kwa mikono miwili.

"Dokta, unarudia leo?"

"Leo, Mama."

"Nimekuletea hii. Nilichemusha chupa. Muambie Merveille hapana kubalisha maji tu. Niko nayo mingi. Nitakamua kila siku munayotuma mutu."

Yule kijana akapokea chupa. Barafu ilikuwa inayeyuka kwenye vidole yake. Nikamutazama kwa macho yangu yote, nikimuambia ndani ya roho: Chukua, we mutoto wa watu, sema aksanti, kamwage njiani huko Uvira! Danganya tu, sema bongo! Mungu atakusamehe, na asipokusamehe nitakuombea mi mwenyewe!

Hakusema bongo. Machozi ilimutoka na akasema kweli.

"Mama, siwezi. Maziwa inaweza kuziua."

"Kuziua?"

"Maziwa ya kila mama iko na vidudu vidogo. Mutoto muzima inamusaidia. Lakini hizi haina kitu ya kujikinga. Tone moja tu, siku mbili zote zimekufa."

Nilitaka kumupiga. Nawaambia kweli, mukono ulinyanyuka. Aline akaushusha.

"Maziwa yangu," akasema.

"Siyo yako tu, Mama. Ya kila mama."

"Nimesikia."

Isidore akapangusa uso. Akamuambia kuko neno jingine, ni haki yake kulijua. Ile kapande ni yake. Akisema basi, anapiga simu leo, banaacha kazi na kila kaduara kanakufa. Nikarukia pale pale. "Basi piga! Piga, mutuletee tuzike!"

"Haiwezi kurudi, Mama Marthe. Iko na virusi. Lazima ichomwe kule kule."

"Munamuchoma?"

"Tunachoma bikondo, Mama."

Njo nikaelewa kama nimeshindwa. Ikiishi, haizikwe. Ikikufa, haizikwe. Kitambaa yangu haina siku. Nilianza kulia kwa sauti, mi mukubwa muzima, na mutu wa kuninyamazisha alikuwa Aline, anapiga-piga mugongo wangu sawa mutoto.

Kisha akamugeukia Isidore. "Ile dawa munayotafuta. Itafika mbele ya Chérie kuzaa?"

Isidore akatingisha kichwa. "Sijue, Mama. Nafikiri hapana. Itasaidia wengine, kisha. Kama itapatikana."

"Kama itapatikana."

"Ndiyo."

Wilfried akakohoa. Maneno yake huwa inatoka sawa moteri ya zamani, unavuta kamba mara nyingi. "Aline," akasema, "unavyosema we, njo vile."

Aline akachukua chupa yake mikononi mwa dokta. Akatoka nayo inje, akainama pembeni ya ukuta, akaimwaga yote, polepole, mpaka tone ya mwisho. Udongo ya Baraka ni muchanga, ilikunywa mara moja. Akarudi na chupa mutupu.

"Baache," akamuambia. "Hapana kuziua. Mimba ya Chérie, mimba ya mutu mwingine, sijue. Baache zifanye kazi. Lakini ule dada, muambie asisahau siku ya kulisha."

"Hasahau, Mama."

"Muambie tu."

Hatukumungoja apande gari. Tulirudi kwa miguu, Aline mbele, mi nyuma, Wilfried anasukuma pikipiki bila kuiwasha. Njiani bamama ya samaki walitusalimia na hatukusimama. Miaka yote hii nimefunga bamama, nilikuwa najua maneno ya kila kilio, na ya hii kilio hakuna mutu alinifundisha.

Tulipofika, Aline akaingia chumbani, akatosha nguo ya juu, akakaa kwenye kiti kidogo, mugongo kwangu.

"Shangazi, leta kitambaa."

"Aline, haiko yote. Unajua."

"Najua. Leta."

"Bibi yangu hakufunga mutu vile. Nikikufunga, utakuwa umemunyima, na bado—"

"Shangazi!" Hajanipigia kelele toka nimulee, ile njo mara moja. Kisha akashusha sauti, na machozi ikaanza kushuka, ile machozi hakuilia hemani, hakuilia kwenye kaburi. "Niko nayo mingi mpaka inanichoma. Na nikimupa, namuua. Nitakamua mpaka lini?"

Nikatosha kitambaa. Nikaipitisha chini ya mikono yake, nikaizungusha, ile mikono yangu yenye imefunga bamama wengi ikakosa ncha ya kitambaa sawa ya mutoto anayejifunza. Maziwa ilitoka hata pale, ikalowesha kitambaa, ikanilowesha vidole. Nilifunga kwa uregevu. Nilitaka abakie na nafasi kidogo, kama atabadili roho kesho.

Akasikia.

"Kaza, Shangazi," akasema. "Kule bengine njo banamulisha."

Nikakaza.